Ndiyo, Ni Mimi Nilifunga Geti

Wewe naweza kukuambia, kwa sababu najua hutaanza kwa kuniuliza kama nilikosea. Wengine wote walianzia hapo. Kaa karibu, na kama uko na chai, kunywa, maana hii si hadithi ya kusimama nayo mlangoni.

Huko kwa kina mzee wangu, yaani bwanangu, upande wa Bungoma, niko na jina baya. Naitwa yule bibi aliyefungia watu geti. Kuna wanawake sokoni Misikhu ambao hawajawahi kuniona hata kwa picha, na wanaijua hiyo stori. Wanaisimulia vibaya, lakini geti ni kweli. Nilifunga ile geti yetu ya mabati, nikaweka mnyororo na kufuli, na ufunguo nikaufunga kwa leso kiunoni. Bwanangu alikuwa ndani, mgonjwa. Ndugu zake wa tumbo moja walikuwa nje, wameshika kuku.

Sisi tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Kitale, kwa ile barabara inayoenda Kwanza. Mzee wangu alikuwa dereva wa trekta, analimia watu mashamba. Mimi nashona, zaidi yunifomu za shule. Msimu mmoja wa kulima akaanza kurudi mapema. Huyu ni mtu aliyekuwa akiniambia ati trekta ndiyo huchoka, si yeye. Sasa akawa anakaa kwa kiti na viatu vya matope mpaka nije nimvue. Wakampima malaria, akameza dawa. Wakasema ni taifodi, akadungwa sindano. Fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki, na miguu ikawa na madoa mekundu kama mtu aliyenyunyiziwa kitu. Ndipo daktari mmoja kijana akaitazama damu yake kwa muda, akatuandikia twende hospitali kubwa Eldoret. Huko ndiko tuliambiwa ni saratani ya damu.

Mzee akamuuliza daktari, "Sasa hiyo mtakata wapi? Maana damu iko kila mahali."

Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha.

Walimpa ile dawa kali, ile inayopitia kwa dripu na kumwangusha mtu nywele. Siku ya kutoka wodi, kuna sista mmoja mnene, muuguzi wa hapo, sauti yake kama ya mwalimu mkuu, akanivuta kando.

"Mama, nisikilize vizuri. Hii dawa inaua mbaya na mzuri. Akitoka hapa, mwili wake hauna askari hata mmoja. Mafua yako wewe ya kupiga chafya na kuendelea na kazi, kwake ni kaburi. Hakuna wageni. Hakuna salamu za mkono. Kuku wasiingie nyumbani. Kila kitu kipikwe kiive. Na joto likipanda, usingoje kupambazuke."

Nikamwambia, "Sista, sisi ni Wabukusu. Kwetu mtu akiugua, watu wanakuja."

"Hata mimi ni wa huko," akasema. "Ndiyo maana nimekuita kando."

Hiyo maneno ya askari haikuwa mpya kwangu. Mimi nilimaliza shule kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari mama wa watoto, natoka kwa cherehani naingia darasani na vipande vya uzi bado viko kwa sweta. Mwalimu wa bayolojia alitufundisha zile seli nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa, na kwa mtihani swali lilikuja nikalijibu. Nilifikiri nimemalizana nalo.

Lazima uelewe jambo moja, kama wewe si wa kwetu. Kwetu mgonjwa haachwi. Watu wanakuja, wanamshika mkono, wanakaa kwa kitanda chake, wanakula kwa nyumba yake. Nyumba ya mgonjwa ikikosa wageni, ujue mwenyewe alikosana na watu. Na mwanamke anayezuia wageni wa bwanake ni mchoyo, ama ni mchawi. Hakuna jina la tatu. Na huyu wangu ndiye alikuwa mtu wa kusalimia watu zaidi ya wote. Alikuwa anashika mkono wa mtu na haachilii mpaka stori iishe. Ungemkuta njiani na trekta inanguruma bila dereva, yeye ameshika mkono wa mtu, wanacheka.

Wa kwanza kufungiwa ni binti zetu wawili. Watu hawasemi hiyo. Shuleni kuna mafua kila wiki, kwa hivyo niliwapeleka kwa dada yangu huko Kwanza, na wakija wanasalimia baba yao kwa dirisha. Mdogo aliniuliza kama baba amemkasirikia. Nikamwambia hapana, ni mama ndiye mkali.

Halafu wakaja watu wa Bungoma. Shemeji, yaani kaka mkubwa wa mzee, mama yao, na watu wa boma wamejaa gari, wametoka kule karibu na Kibabii asubuhi na mapema. Walileta jogoo na mkungu mzima wa ndizi. Nilikuwa nimepanga viti nje ya ua, mahali dirisha la mzee linaonekana, na mtungi wa maji na sabuni kando. Nilitoka, nikafunga geti nyuma yangu kabla sijawasalimia.

"Mulembe, mulamwa," shemeji akanisalimia kwa Kibukusu, yaani amani, shemeji, mkono umenyooshwa.

Nikaweka yangu nyuma. "Mulembe. Karibuni sana. Leo tunakaa hapa nje."

"Nje wapi?"

"Hapa. Viti ndivyo hivi."

Akatazama viti, akatazama geti, akamtazama mama yake. "Kwani huko ndani mmeweka nini? Mochari?"

Nikawaeleza kama sista alivyonieleza. Nikawaambia damu yake haina nguvu ya kupigana hata na homa ya mtoto. Shemeji akanisikiliza akitingisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye betri kidogo. Kisha akanyanyua sauti kuelekea dirisha.

"Wee ndugu yangu. Ulioa ama uliandika askari?"

"Nilioa askari," mzee akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Kaeni chini, bana. Hata mimi hapa nikitaka kukohoa naomba ruhusa."

Wote wakacheka, isipokuwa shemeji na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia yule jogoo, hajui ampe nani.

Nilipika. Jogoo alichinjwa huko huko nje, nikasonga ugali wa kutosha, nikawatengea kwa viti vyao. Wakala. Shemeji akafunika sahani yake na sahani nyingine, akaisukuma kando. "Mimi sili barabarani kama mtu wa mjengo," akasema. Kukataa chakula kwa nyumba ya ndugu yako, huyo mtu amekutukana na ukoo wako. Niliibeba hiyo sahani nikarudi nayo ndani. Mzee akaiona.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Njaa itamuumiza akifika Webuye," akasema, akageukia ukuta.

Wale wa kanisa walikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu hao ni wangu. Kwa kikundi chetu cha maombi mimi ndiye naanzisha nyimbo. Walikuja na mchungaji, na chupa ya mafuta, kumwekea mgonjwa mikono.

"Mchungaji, niombeeni hapa kwa geti," nikamwambia.

Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja miaka yote akanitazama kama amenikuta naiba sadaka. "Ati wewe unayetufundisha imani, leo unaogopa mkono wa mtumishi?"

"Mkono wake siogopi. Naogopa kilicho juu ya mkono wake, ambacho hata yeye hakioni."

Mchungaji akatazama viganja vyake. Maskini, nafikiri hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Basi imani yako iko wapi, mama?" akaniuliza, kwa upole.

"Iko hapa hapa imesimama. Mungu ninayemwomba hajawahi kushindwa na mabati. Nyinyi ombeni kwa sauti."

Wakaomba kwa sauti. Wakaimba, nami nikaanzisha kama kawaida, na kutoka ndani tukasikia mzee anashika besi, pumzi inamkatika katikati ya mstari, anarudi tena. Watu wa bodaboda walisimama barabarani wakavua helmeti. Yule mama hakuimba. Mpaka leo akiniona kanisani anatafuta kitu kwa mkoba wake. Na mimi nataka ujue kwamba siku zile zote sikuwahi kuacha kuomba. Niliomba nikichemsha vijiko. Niliomba nikipiga sakafu na jiki, ile dawa ya kuua vijidudu, mpaka vidole vikabambuka. Kama kuna mtu anafikiri hiyo si ibada, aje tuongee.

Mzee mwenyewe alichoka na mimi. Siku moja akaniambia, "Umenifungia kama ng'ombe ya wizi."

"Ng'ombe ya wizi huchinjwa haraka," nikamjibu. "Wewe nakuweka."

Hakucheka. Alikaa hiyo siku yote bila kuniongelesha.

Ufunguo wa pili nilikuwa nikimwachia mezani nikitoka, kwa sababu huwezi kumfungia mtu ndani bila njia, je, moto ukitokea. Siku ya soko nilienda Kitale kuchukua dawa. Kurudi, nikakuta geti imeegeshwa. Shemeji alikuwa ndani. Walikuwa wamekaa kwa kitanda, ugali katikati, sahani moja, wanamega pamoja kama walivyomega tangu utoto wao, wanacheka juu ya ng'ombe fulani aliyewaangusha mtoni. Shemeji alikuwa anafuta pua na kitambaa. Anakula, anafuta pua, anamega. Mzee wangu uso wake uling'aa, sikuwa nimeuona hivyo kwa muda mrefu. Nikasimama mlangoni na dawa mkononi.

"Umeona hajakufa?" shemeji akaniambia.

Hata wiki haikuisha. Joto lilipanda, akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Tulimrudisha Eldoret akiwa hajui jina langu. Alilala huko akihema kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni, na mimi nimekaa kando kwa kiti cha plastiki, namwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Yeye anayajua na hakunikasirikia. Huko Bungoma walisema bibi amempeleka tena kutiwa sumu.

Alipopata nafuu, kitu cha kwanza aliniambia ni, "Ile ugali ilikuwa tamu."

Nikamvutia blanketi.

"Lakini usimpe mtu ufunguo tena," akasema. "Hata mimi."

Kuanzia hapo tulikuwa wawili. Watu wakija, yeye ndiye alikuwa anawapigia kelele kwa dirisha waoshe mikono kabla hata ya kumsalimia. Akamaliza awamu ya tatu ya ile dawa, akamaliza ya nne. Daktari akasema damu imesafika, ibaki ya mwisho tu. Nilitoka kwa hicho chumba nikaenda chooni nikamshukuru Mungu nikiwa nimeshika sinki.

Na hapo ndipo ilikuja ile wanasimulia Misikhu.

Mama mkwe alikubali masharti yote. Alikuja peke yake, hakutaka hata shemeji amlete. Nilikuwa nimemwekea maji ya moto ya kuoga, gauni safi nililoshona mwenyewe, na maski. Aoge, avae, aingie amshike mwanawe. Mzee alikuwa amekaa kwa kitanda amenyoa ndevu. Mama akavua shali, akaikunja, na akakohoa. Akageuka upande. Akakohoa tena.

"Mayi," nikamwita, yaani mama, "hicho kikohozi kilianza lini?"

"Ni vumbi ya barabara."

"Mayi."

Akatazama lile gauni mkononi mwangu. "Jana," akasema.

Nikalikunja gauni. Mara ya kwanza, mara ya pili, likawa dogo kama leso. Nikamtolea kiti nikakiweka pale nje kwa dirisha. Alikaa hapo mpaka jua likaanza kushuka, wakaongea na mwanawe kwa Kibukusu, juu ya watu waliokufa kabla sijaolewa. Akiondoka akaja akasimama mbele yangu.

"Huyu mtoto nilimzaa mimi."

"Najua, mayi. Ndiyo maana nataka ukirudi umkute."

Akaenda bila kunipa kwaheri.

Unataka kujua kama iliniuma. Iliniuma. Na ukiniuliza kama angekuja kesho na hicho kikohozi ningemfungulia, jibu ni hapana. Nilikataa siku ile na ningekataa leo. Watu wanataka niseme ninajuta ndipo wanisamehe. Basi wasinisamehe.

Ugonjwa ulirudi kabla ya ile dawa ya mwisho. Haukuletwa na mtu, haukuletwa na mkono wala kikohozi. Ulirudi wenyewe kwa damu, kama ulivyokuja. Daktari alitueleza kuna ile ya kubadilisha uboho, lakini ni ya mbali na mwili wake hauwezi tena kuifikia. Akasema turudi nyumbani. Mzee akamuuliza, "Sasa naweza kusalimia watu?" Daktari akasema, "Salimia wote."

Tulipofika nyumbani nilitoa mnyororo mimi mwenyewe. Nikafungua geti mabawa yote mawili, nikaweka jiwe kila upande lisirudi. Nikapigia dada yangu simu alete watoto. Nikapigia Bungoma.

"Mayi, njooni. Geti iko wazi."

Akauliza, "Wazi namna gani?"

"Wazi."

Walikuja na gari lile lile. Sasa nisikilize hapa. Hawa watu walionitukana kwa sababu ya geti, gari lao lilisimama nje na hakuna aliyeshuka. Waliiona ile geti imekaa wazi, wakajua. Mama mkwe ndiye alishuka, akatembea mpaka pale chuma kinapoanzia, akasimama.

"Funga," akaniambia.

"Mayi, ingia."

"Funga hiyo kitu. Mimi nitakaa hapa nje. Kiti changu kiko wapi? Sina shida na nje."

Hajawahi kuniomba kitu, huyo mama, tangu nilipoolewa. Aliniomba hicho na sikuwa na uwezo wa kumpa. Nikamshika mkono. Akautazama mkono wangu juu ya wake, mkono uliokuwa umemkataa muda huo wote, na ndipo akaanza kulia, na tukaingia.

Alikaa kwa kitanda akaweka miguu ya mwanawe kwa mapaja yake.

"Mama, umepitaje kwa askari?" mzee akamuuliza.

"Ameacha kazi," akamjibu.

Mzee alicheka mpaka tukamshika. Watoto walilala wakimkumbatia, wote wawili, kitanda kile kidogo. Mchungaji alikuja akamwekea mikono, na mimi mwenyewe ndiye nilimshikia chupa ya mafuta. Shemeji alibaki barabarani ameegemea gari mpaka mzee akamwita kwa jina lao la utotoni. Akaingia wa mwisho. Mzee akashika mkono wake, na hakuachilia.

Alikufa nyumba ikiwa imejaa, vile watu wetu wanataka. Kabla ya hapo aliona mahindi yakipandwa na yakivunwa, na aliona binti yetu mkubwa akimaliza shule. Hayo yote aliyaona akiwa nyuma ya mabati yangu.

Tulimzika kwao. Siku ya mazishi, shemeji akapewa maikrofoni. Akaongea vizuri juu ya utoto wao, halafu akasema, "Huyu ndugu tulinyimwa. Mwenye masikio ameelewa." Vichwa vyote vikanigeukia. Kawaida ujumbe wa mjane unasomewa na mtu mwingine, yeye amejifunika tu. Dada yangu alikuwa na karatasi tayari. Nikasimama nikachukua ile maikrofoni.

"Ndiyo, ni mimi nilifunga geti," nikasema. "Nilifungia mama yake. Nilifungia mchungaji wangu. Nilifungia watoto niliowazaa. Mwenye neno aniulize sasa nikiwa nimesimama, asingoje nikae."

Hakuna aliyeuliza. Ile sahani ya ugali sikuitaja, na shemeji alijua sikuitaja, akatazama nyasi. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, bila maikrofoni, anaambia vijana, "Mpeni kiti huyo. Jua ni kali."

Bado wanasema. Juzi juzi tu mwanamke nisiyemjua, wa upande wa Misikhu, alipata namba yangu kupitia watu wa maombi. Bwanake ametolewa wodi na ile dawa mwilini. "Dada," akaniambia, "kina mkwe wameshafika stendi. Wako na kuku. Nifanye nini?"

"Uko na viti?"

"Niko navyo."

"Toa nje. Weka maji na sabuni. Kisha ufunge."

"Watasema."

"Watasema yote. Wewe wapikie vizuri, wakisema wawe wameshiba."

Kwa ajili ya huyo ndiyo nimeandika. Nilipokuwa mimi, hakukuwa na mtu wa kupigia simu. Kwa hivyo rafiki yangu, hii usibaki nayo. Isome kwa chama chenu, isome baada ya maombi, mtafsirie nyanya kwa lugha ya nyumbani asikie polepole. Waambie watu sasa, kila mtu akiwa mzima na hakuna aliyekasirika: mkisikia mtu wenu anatibiwa saratani ya damu, nendeni, msiache kwenda, lakini simameni nje, mwimbe, mmwite kwa dirisha. Na mkikuta bibi yake amesimama kwa geti na mikono imewekwa nyuma, msimuulize ndani kuna nini. Kuleni chakula alichopika. Kisha mwambieni na mwingine.